Wakuu, seli ya dopamini inaamriwa na nani? Mama ana Parkinson, daktari kanitajia glutameti

#1 Kihamba_Juu
Habari za jioni wakuu. Naomba maelezo, siyo dawa. Dawa anayo daktari.

Mama yangu ana miaka 68, tunaishi Marangu. Huu ni mwaka wa saba ana ugonjwa wa Parkinson. Anameza levodopa, dawa inayogeuka dopamini (kemikali ya ubongo inayompungukia), mara nne kwa siku. Miaka ya mwanzo dawa ilimnyanyua kabisa, akarudi kukama ng'ombe kwa mikono yake. Tangu mwaka jana limezuka jambo jipya. Nusu saa baada ya kumeza, kukakamaa kunaisha, lakini mwili unaanza kujipinda wenyewe: bega linapanda, shingo inazunguka, mguu wa kushoto unasugua sakafu bila kukoma. Kikombe cha chai lazima nimshikie.

Wiki iliyopita daktari ameongeza amantadini. Nikauliza kama nayo inaongeza dopamini. Akasema hapana, hii inazuia glutameti. Foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu, nikatoka. Nimesoma mtandaoni kwamba glutameti na gaba ni asidi amino, ndugu wa zile za kwenye nyama na maharage, na kwamba ndizo zinazoamua seli za dopamini zifyatue lini na zinyamaze lini. Ni kweli? Maana miaka yote nilijua dopamini ndiyo bosi.

#2 Tembo_Mkimya
Pole sana mkuu, na mama apewe pole. Ngoja waje wenye fani.

#3 Mfamasia_wa_Ngamiani
Mkuu, ulichosoma ni kweli kwa sehemu kubwa. Nianze na hesabu. Ubongo wa mtu una nyuroni, yaani seli za neva, kama bilioni 86. Zinazotengeneza dopamini kule ubongo wa kati zinakadiriwa 400,000 hadi 600,000 tu. Ni kijiji kimoja ndani ya nchi kubwa. Waliobaki wengi sana wanazungumza kwa lugha mbili: glutameti inayosisimua na gaba inayotuliza. Basi hicho kijiji cha dopamini kinapokea salamu za glutameti na gaba usiku na mchana, kutoka kila upande.

Kinachonishangaza mimi kila nikikisoma ni kwamba gaba inatengenezwa kutokana na glutameti yenyewe. Kimeng'enya kimoja kinanyofoa kipande kidogo kwenye glutameti (kinatoka kama kaboni dioksidi), na kile kilichokuwa kikisisimua kinageuka kutuliza. Kanyagio na breki vimetoka kwenye chuma kimoja.

Kwenye substansia nigra, ambako ndiko seli za mama yako zimepungua, zaidi ya nusu ya miunganiko inayoigusa seli ya dopamini ni ya gaba. Kwa hiyo seli hii inaishi mguu wa breki ukiwa umeshakanyagwa. Hilo tuliweke akilini kabla ya kuita dopamini bosi.

#4 Mbishi_wa_Kudumu
Napinga. Seli ya dopamini inajiendesha. Ukate waya zote zinazoingia, bado itapiga mapigo yake yenyewe ya umeme kama moyo. Sasa bosi ni nani kama siyo yeye? Mfamasia ametuletea kijiji kinachoamriwa na kila mtu.

#5 Tembo_Mkimya
Mbishi kafika, sasa uzi umekuwa uzi.

#6 Sikio_la_Seli
Mbishi ana hoja, ila ameishia katikati. Hii ndiyo kazi yangu ya kila siku, niko masomoni Ujerumani, nasikiliza seli hizi kwa masikio yangu.

Tunachukua kipande chembamba cha ubongo wa panya, chini ya theluthi moja ya milimita, tunakiweka kwenye maji ya chumvi yenye oksijeni. Nashusha sindano ya kioo hadi iguse seli moja. Mashine imeunganishwa na spika. Seli ya dopamini ukiipata unaijua kabla hujatazama kioo cha kompyuta: tak… tak… tak… pigo moja au mawili hivi kwa sekunde, sawasawa kama saa ya ukutani. Hapo waya karibu zote kutoka maeneo mengine zimekatwa, na bado inapiga. Mbishi, mpaka hapo uko sahihi.

Lakini mnyama mzima, akiwa macho, hasikiki hivyo. Mapigo yanakuja yakiyumba, mara kimya, halafu ghafla trrrak! mapigo matatu, manne, matano yamebanana. Hayo mafungu ndiyo yanayomwaga dopamini nyingi kwa mkupuo. Grace na Bunney, waliorekodi miaka ya 1980, waliweka kipimo ambacho bado tunakitumia: fungu linaanza mapigo mawili yakikaribiana ndani ya milisekunde 80, linaisha nafasi ikizidi 160. Na mafungu hayo kwenye kipande changu hayapo. Yamekwenda na waya.

Mwaka 1992 Johnson, Seutin na North walionyesha kwamba ukiamsha vipokezi vya NMDA, ambavyo ni vipokezi vya glutameti, kwenye kipande kama changu, mafungu yanarudi. Kipokezi hiki kina tabia ya pekee. Tundu lake limezibwa na magnesiamu. Glutameti ikija peke yake haitoshi. Mpaka seli iwe imeshachangamka, ndipo kizibo kinatoka na sodiamu na kalsiamu zinaingia. Saa ni ya seli yenyewe, fungu ni la glutameti.

#7 Mbishi_wa_Kudumu
Nimekubali nusu. Mnisubiri kwenye kalsiamu, nitarudi.

#8 Binti_Chake
Asalaam aleikum. Mimi nilisikia kwenye redio kwamba dopamini ni kemikali ya raha, na yule mtafiti Schultz aliwapa panya sukari ikapanda. Sasa raha na kutetemeka kwa mama wa watu vinakutana wapi?

#9 Sikio_la_Seli
Waaleikum salaam dada. Masahihisho mawili. Wolfram Schultz alifanya kazi na nyani, wakipewa juisi ya matunda. Na alichokiona siyo raha. Mwanzoni seli zilifyatua juisi ilipofika. Nyani alipojifunza kwamba taa ikiwaka juisi inafuata, zikafyatua kwenye taa, na juisi yenyewe ikapita bila kishindo. Kisha taa ikawaka, juisi ikazuiwa. Dakika ile ile ambayo juisi ingekuja, seli zikanyamaza. Zinapima tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana. Makala yao na Dayan na Montague ilitoka 1997.

Swali langu tangu nianze masomo ni hilo la kunyamaza. Nani anazinyamazisha? Mwaka 2007 Matsumoto na Hikosaka walionyesha kwamba habenula ya pembeni, kijisehemu kidogo sana, inapiga kelele pale pale seli za dopamini zinaponyamaza. Ajabu ni kwamba habenula inatuma glutameti. Glutameti ya kusisimua! Jibu likapatikana miaka miwili baadaye: ujumbe wake unatua kwenye kundi la seli za gaba nyuma ya VTA (eneo jingine la seli za dopamini, jirani na substansia nigra), na hizo gaba ndizo zinazoishika dopamini kooni. Glutameti imekanyaga breki.

Kwa hiyo ukiniuliza "glutameti inapandisha dopamini au inaishusha?", nitakuuliza imetua kwa nani.

Kuhusu kukutana: seli za substansia nigra zinapeleka zaidi kwenye mwendo wa mwili, za VTA zaidi kwenye hamu na tamaa. Ni majirani, mpaka wao haujanyooka.

#10 Nesi_wa_Ziwa
Hamjambo? Mimi ni muuguzi kliniki ya TB, Kisumu. Hiyo ya B6 mmeiruka na ndiyo tunayoishi nayo. Kile kimeng'enya cha Mfamasia, kinachogeuza glutameti kuwa gaba, hakifanyi kazi bila vitamini B6. Izoniazidi, dawa yetu ya TB, inaipunguza B6 mwilini. Ndiyo maana mgonjwa anapewa piridoksini pamoja nayo. Wengi wanaiacha, wanaona ni "kavitamini tu". Tunawapa hasa kwa ajili ya ganzi ya miguu, lakini angalieni kinachotokea mtu akimeza izoniazidi nyingi kupita kiasi. Nilipokea kijana usiku mmoja, degedege juu ya degedege. Diazepamu haikushika, kwa sababu diazepamu inaisaidia gaba iliyopo, na kwake gaba ilikuwa imekauka. Alipodungwa B6 nyingi ndipo akatulia. Mpaka leo nikihesabu vile vidonge vidogo navihesabu kwa heshima.

#11 Mfamasia_wa_Ngamiani
Asante sana sista. Na B6 hiyo hiyo ndiyo inayohitajika kugeuza levodopa kuwa dopamini. Kihamba_Juu, usikimbilie kumnunulia mama B6 kwa hilo. Zamani levodopa ilipotolewa peke yake, B6 nyingi ilifanya igeuke dopamini huko mwilini kabla haijafika kichwani, na levodopa ikishakuwa dopamini haipiti ukuta wa ubongo. Vidonge vya siku hizi vina kabidopa ya kuzuia hilo. Bado, muulize daktari kwanza.

#12 Meru_Juu
Sasa miraa iko upande gani, glutameti au gaba? Sisi huku Maua tumekua nayo.

#13 Mfamasia_wa_Ngamiani
Hakuna upande hapo, mkuu. Kathinoni ya miraa inakwenda moja kwa moja kwenye mlango ambao dopamini hurudia ndani ya seli, inaugeuza, dopamini inatoka badala ya kuingia. Haiombi ruhusa kwa glutameti wala gaba. Na unajua kwa nini inafungwa kwenye majani ya mgomba na kukimbizwa kwa magari? Jani likikauka kathinoni inageuka kathini, yenye nguvu kidogo tu.

#14 Meru_Juu
Hiyo ya kukauka hata mtoto wa hapa anaijua, sema jina la kitaalamu ndiyo leo. Shukrani.

#15 Safi_Miaka_Sita
Wakuu naomba niingie hapa kwenye breki. Mimi nilitumia unga Mombasa miaka tisa. Niko safi mwaka wa sita. Kwenye kundi letu la kupona kuna daktari alituchorea ubaoni nikalia. Alisema heroini haiigusi seli ya dopamini. Inaigusa seli ya gaba iliyokaa jirani yake, inaifunga mdomo, na dopamini inabaki haina wa kuizuia. Nilidhani nilikuwa nakanyaga mafuta. Kumbe nilikuwa nang'oa breki. Je, ni kweli, au alirahisisha kwa ajili yetu?

#16 Sikio_la_Seli
Ndugu yangu, hongera kwa hiyo miaka sita. Alikuambia kweli. Ni Johnson na North tena, 1992: opioidi zinazizima seli za gaba, na seli za dopamini zinaongezeka kasi. Na mwaka 2010 kundi la Lüscher kule Geneva lilionyesha njia kama hiyo kwa dawa za jamii ya diazepamu: zinashika zaidi breki ya seli za gaba zenyewe ndani ya VTA. Gaba inaizima gaba, dopamini inapanda. Ndiyo maana dawa ya kutuliza inaweza kumteka mtu.

Alichorahisisha ni kwamba "jirani" siyo mmoja. Gaba inayoilinda dopamini inatoka pia mkiani mwa VTA na mbali zaidi, na kwa opioidi bado tunabishana ni ipi inayobeba mzigo mkubwa.

#17 Mbishi_wa_Kudumu
Basi niambieni hili. Nikimwaga gaba juu ya seli ya dopamini, si itanyamaza? Rahisi.

#18 Sikio_la_Seli
Siyo rahisi, na hapa ndipo ninapoipenda kazi yangu. Grace na Bunney, 1979: walimpa mnyama dawa inayoiga gaba, mwilini mzima. Seli za dopamini zikaongeza kasi. Sababu ni kwamba karibu nazo, ndani ya substansia nigra hiyo hiyo, kuna seli za gaba zilizo nyepesi zaidi kuathirika na gaba. Dozi ndogo inawanyamazisha walinzi kwanza, na aliyekuwa analindwa anachangamka. Ukimwaga moja kwa moja juu ya seli ya dopamini yenyewe, hapo itanyamaza, kama unavyosema. Kwa hiyo majibu yote mawili ni sahihi, kutegemea mahali na kiasi.

#19 Shamba_la_Babu
Shikamooni wakubwa. Nimesikia levodopa inapatikana kwenye upupu. Babu yangu Muheza alikuwa na upupu ukingoni mwa shamba, tulikuwa tunaukimbia kwa kuwashwa. Mama wa Marangu hawezi kupewa mbegu zake?

#20 Mfamasia_wa_Ngamiani
Marahaba. Ni kweli, mbegu za upupu zina levodopa, na kwa kiasi kikubwa. India zimetumika katika tiba za jadi tangu zamani. Levodopa ya kwanza kutengwa kwenye mmea ilitoka kwenye mbegu za maharagwe mapana, Uswisi, 1913, na Guggenheim. Lakini mama huyu tayari anajipinda kwa sababu ya levodopa. Kumwongezea nyingine ambayo hakuna aliyeipima, isiyo na kabidopa, ni kumtesa. Tafadhali sana, asipewe.

#21 Jiko_la_Pwani
Na ajinomoto je? Ile si glutameti tupu? Tunaweka kwenye pilau kila Ijumaa, tusije tukawa tunachezea dopamini za watoto.

#22 Mfamasia_wa_Ngamiani
Ni glutameti ndiyo. Ikeda aliitenga kutoka kwenye mwani wa supu, Tokyo, 1908. Lakini ya pilau na ya ubongo hazikutani. Utumbo unaitumia karibu yote, na ukuta wa ubongo hauiruhusu ile ya damuni kuingia hivi hivi. Ubongo unajitengenezea yake. Vivyo hivyo na vile vidonge vya gaba vinavyouzwa mitandaoni: kilichomezwa hakifiki kirahisi kwenye breki. Pilau iendelee.

Levodopa ndiyo inayopita, kwa sababu nayo ni asidi amino na ina mlango wake. Shida ni kwamba mlango huo huo unatumiwa na asidi amino za nyama, maziwa na maharage. Kihamba_Juu, mama anameza dawa saa ngapi ukilinganisha na chakula?

#23 Kihamba_Juu
Nimesoma yote tangu jana usiku, sijui niwashukuruje. Anameza na chakula. Dozi ya mchana anaimeza na kiburu chenye maharage, maana tulidhani itamchoma tumbo. Na ni kweli ya mchana ndiyo inayochelewa kuliko zote! Nilikuwa nalaumu kidonge.

#24 Nesi_wa_Ziwa
Muulize daktari kuhusu nusu saa kabla ya chakula, na kipande cha mkate mkavu kama tumbo linasumbua. Maharage asiyaache, ayasogeze jioni.

#25 Mbishi_wa_Kudumu
Nimerudi na kalsiamu. Swali la msingi hamjaligusa: kwa nini seli hizi zinakufa na majirani zao wanapona? Mimi naona ni ile saa yao. Kila pigo linaingiza kalsiamu, usiku na mchana, kwa miaka 60. Seli inachoka. Glutameti haina hatia.

#26 Sikio_la_Seli
Ni nadharia nzito, na ilijaribiwa. Dawa ya presha inayoziba milango hiyo ya kalsiamu, isradipini, ilipewa wagonjwa wa mwanzo kwa miaka mitatu. Matokeo yalitoka 2020: haikupunguza kasi ya ugonjwa. Wenye nadharia wanasema dozi ilikuwa ndogo au walichelewa kuanza.

Upande wa glutameti wana hoja hii: dopamini ikipungua, kiini cha sabthalamasi (kijisehemu kingine ndani ya ubongo) kinafyatua kupita kiasi, na kinatuma glutameti kurudi kwenye seli zile zile zilizobaki. Kalsiamu inaingia kwa NMDA, seli inazidi kufa, kiini kinazidi kelele. Mzunguko. Upasuaji wa kuweka waya kwenye kiini hicho, aliouanzisha Benabid na wenzake Grenoble, unapunguza dalili sana, lakini haujathibitisha kwamba unaokoa seli. Na kuna wanaosema yote haya ni matokeo, chanzo ni protini ya alfa-sinukleini kujikunja vibaya ndani ya seli.

#27 Mbishi_wa_Kudumu
Mimi nabaki na saa.

#28 Daktari_Zamu_ya_Usiku
Nimechelewa, naomba nirekebishe jambo moja linalomhusu mama moja kwa moja. Amantadini haikuongezwa ili kuzituliza seli zake za dopamini. Zilizobaki ni chache. NMDA inayozibwa iko zaidi kwenye striata, kule dopamini inakopelekwa. Levodopa ikija kwa mawimbi miaka mingi, miunganiko ya glutameti kutoka gamba la ubongo inakuwa mikali kupita kiasi, na mwili unajipinda. Hayo ni maelezo ya kwanza. Maelezo ya pili: seli za serotonini zinachukua levodopa, zinaigeuza dopamini, na zinaimwaga bila kujipima kwa sababu hazina kipokezi cha kuwaambia "imetosha". Kwangu mimi yote mawili yanafanya kazi kwa mgonjwa mmoja.

Na amantadini ilianza kama dawa ya mafua ya virusi. Mwaka 1968 mwanamke mmoja mwenye Parkinson, Marekani, aliimeza kujikinga na mafua, akaona kukakamaa na kutetemeka kumepungua. Alipoiacha, dalili zikarudi. Akamwambia daktari wake, Schwab, kule Boston, naye akamsikiliza, akaijaribu kwa wengine. Makala ikatoka 1969.

Kihamba_Juu, mwangalie mama kama anaona vitu visivyokuwepo au miguu kuvimba. Ikitokea, msisubiri tarehe ya kliniki.

Wilayani Hai, jirani zenu hapo, utafiti wa nyumba kwa nyumba uliochapishwa 2008 ulikuta wagonjwa wengi wa Parkinson ambao hawakuwahi hata kuambiwa wana ugonjwa gani. Mama yako ana jina la ugonjwa, ana dawa, na ana wewe.

#29 Binti_Chake
Daktari, baba yangu alikakamaa hivyo hivyo alipoanzishwa haloperidoli, na Parkinson hana. Nayo ni glutameti?

#30 Daktari_Zamu_ya_Usiku
Hapana dada, ile inaziba vipokezi vya dopamini vyenyewe. Dopamini inabisha hodi, mlango umefungwa. Lakini ugonjwa unaotibiwa nayo, skizofrenia, wengi sasa wanadhani unaanzia kwenye NMDA: ketamini inaiziba, na mtu mwenye afya anaweza kupata kwa muda dalili zinazofanana na za ugonjwa huo. Fungua uzi wake, nitakuja.

#31 Kihamba_Juu
Wakuu, siku ya tisa ya amantadini, na daktari alikubali dozi ya mchana isogezwe nusu saa kabla ya kula. Bega bado linapanda. Mguu umepungua kusugua. Leo saa saba alikaa kibarazani anapukuchua maharage, nikasimama mlangoni bila yeye kujua. Alishika ganda, akalifungua kwa kidole gumba, punje zikaangukia kwenye ungo, siyo chini. Akachukua lingine. Nimehesabu maganda kumi na manne kabla hajasimama kupumzika.

Sikio_la_Seli, siku ukisikia tena ile tak tak tak, naomba uirekodi uiweke hapa. Nataka mama asikie.

#32 Sikio_la_Seli
Jumatatu niko maabara. Nitaiweka, na jina lake Marangu.